Jinsi ya Kulisoma Pori

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

 

Leo hatuhitaji ubao wala chaki. Twahitaji macho na masikio, maana tunakwenda kutembea. Nataka tujifunze kusoma, lakini kitabu tutakachokisoma leo hakikupigwa chapa na mtu. Kitabu hicho ni pori lililo nyuma ya nyumba yako.

Kwanza niwaambieni kwa nini nimelichagua somo hili. Nilipotoka chuo kikuu na stashahada yangu mkononi, nilipelekwa kufanya kazi katika wilaya moja ya Unyamwezi. Kijiji kimoja kilitaka darasa la watu wazima, na kando yake shamba la mfano. Tukazunguka kutafuta mahali. Nikauona uwanja mpana, tambarare, hauna hata kisiki kimoja. Nyasi tupu, na udongo mweusi wa kupendeza macho. Nikasema, "Hapa ndipo. Hakuna mti wa kung'oa, na udongo huu una rutuba."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya watu akasema kwa upole, "Mwalimu, umejiuliza kwa nini miti yenyewe haikutaka kukaa hapo?" Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka pamoja nao. Kisha tukajenga pale pale nilipotaka mimi.

Huo ulikuwa mwezi wa Agosti. Ilipofika Januari, maji yalisimama darasani yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Mahindi ya shamba la mfano yakageuka manjano, mizizi ikaoza. Kiangazi kiliporudi, ardhi ikapasuka nyufa za kuingia mkono, na ukuta wa darasa nao ukapasuka tangu msingi hata kwenye paa. Mabati yale wanakijiji walikuwa wameyanunua kwa fedha zao, fedha za asali na karanga. Hakuna aliyenitukana. Lakini sijasahau mpaka leo jinsi walivyonyamaza siku tulipoyashusha.

Mzee yule hakuwa na cheti. Lakini alijua kusoma maandishi ambayo mimi sikuyajua. Nilirudi kwake nikamwomba anifundishe, na mengi nitakayowaambieni leo niliyapata kwa kutembea nyuma yake, kisha nikayalinganisha na vitabu.

PORI LINA JAMII ZAKE

Mtu asiyejua husema "pori", akamaliza. Kwake yeye miti ni miti na nyasi ni nyasi. Lakini fikirini juu ya kijiji. Mna mkulima, mhunzi, mfinyanzi na mchungaji. Kila mmoja ana kazi yake, na kila mmoja anamtegemea mwenzake. Pori nalo ni hivyo hivyo. Miti fulani huishi pamoja na nyasi fulani, na wadudu fulani, na ndege fulani, na wanyama fulani. Ukimwona mmoja, tazamia kuwaona wenzake. Huko ndiko kuishi kwa jamii.

Na jamii hizo hazikai mahali kwa bahati. Zimechaguliwa na udongo, na maji, na moto, na midomo ya wanyama wanaokula. Mti usioweza kustahimili maji yaliyotuama hufa ungali mche. Nyasi isiyopenda kivuli haioti chini ya miti iliyoshonana. Basi wanaobaki ni wale wapatanao na mahali hapo.

Kwa hiyo shikeni jambo hili moja, hata kama mtayasahau mengine yote: ukiitambua jamii ya viumbe wa mahali, umekwisha kuutambua udongo wake na maji yake kabla ya kupiga jembe.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Unapofika mahali usipopajua, simama. Usianze kwa kuuliza jina la mti. Majina huja baadaye. Jiulize kwanza mambo manne.

La kwanza: nimesimama wapi? Juu ya kilima, kwenye mteremko, au bondeni?

La pili: miti imekaaje? Matawi yake yanakaribiana, au kila mti uko peke yake, au hakuna miti kabisa? Majani ni mapana au madogo? Ina miiba au haina?

La tatu: chini kuna nini? Nyasi ndefu au fupi, majani makavu, au udongo mtupu? Udongo ni mchanga, au mfinyanzi, na rangi yake ni ipi?

La nne: nani anaishi hapa? Tazama nyayo, mavi, vichuguu na viota. Kisha nyamaza kwa muda wa kuhesabu mia, usikilize.

TUSHUKE MTEREMKO

Sasa tutembee pamoja. Tushuke mteremko mmoja wa Unyamwezi, kutoka juu ya mawe mpaka bondeni. Safari hii haizidi saa moja kwa miguu, lakini tutapita katika jamii nne, na ya tano imejificha ndani ya mojawapo.

Tunaanza kwenye mawe makubwa yaliyorundikana kileleni. Udongo ni haba. Mti ulioweza kukaa ni ule wenye mizizi ya kupenya katika nyufa, kama mtini, unaolikumbatia jiwe kama mtu akumbatiaye mtungi. Utasikia mlio mkali, kisha utaona vinyama vya kahawia vikikimbilia nyufani. Hao ni pimbi. Mahali palipo na pimbi wengi, tai huzunguka juu, na chui hayuko mbali. Mbuzi mawe naye yupo, akisimama juu ya ncha za kwato zake. Hapa si mahali pa jembe. Lakini mvua inayomwagika juu ya mawe haya huteremka, na huko chini kuna wanaoingojea.

Tukishuka kidogo twaingia kwenye miombo. Wengi wenu mmezaliwa ndani yake. Pori hili ni kubwa mno: limeenea Tanzania, Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Angola na kusini mwa Kongo. Utalitambuaje? Miti ni ya urefu wa kiasi, matawi yake yanakaribiana lakini jua lapenya hata chini. Majani mengi yamepangwa viwili viwili juu ya kijiti kimoja, kama ya mkwaju, lakini mapana zaidi. Miiba ni michache. Miti mikuu ni jamaa za mtundu na mtondoro, na katikati yake utamkuta mninga na mkurungu, ambao mbao zao mnazijua.

Miombo ina ishara zake za mwaka. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, pori lote hutoa majani mapya mekundu, kama kwamba limewaka moto usiounguza. Kabla ya hapo, kiangazi, utasikia mlio wa kupasuka juu ya kichwa chako: ni maganda yanayorusha mbegu zake mbali. Mvua zikianza, uyoga hutokea chini ya miti, na akina mama hutoka na vikapu. Uyoga huo hauoti hapo ovyo. Nyuzi zake zimeshikamana na mizizi ya miombo chini ya ardhi. Mti huupa uyoga chakula, na uyoga huusaidia mti kupata maji na chumvi za ardhi. Ndiyo maana ukikata miombo yote, uyoga huo nao hupotea, hata kama mvua ni zile zile.

Maua ya miombo huwalisha nyuki. Nyuki humpa kazi mrina asali, na ndege mlembe humwita mtu kwa mlio wake mpaka kwenye mzinga, kwa kuwa yeye ataka nta na majana. Wanyama wakubwa wapo, lakini si makundi ya maelfu, maana nyasi za hapa ni ngumu na hazina nguvu nyingi. Utamwona palahala na pembe zake zilizopinda nyuma, na kongoni, na korongo. Nasema korongo mnyama, si korongo ndege.

Na yupo mwingine asiyependwa: mbung'o. Aina moja ya mbung'o hukaa hasa katika miombo. Huua ng'ombe kwa ndorobo, na humpa mtu malale. Kwa hiyo mfugaji anayetambua miombo hahitaji kungoja ng'ombe wake wakonde ndipo aulize.

Udongo wa miombo ni mchanga mchanga, na mvua imeuosha kwa miaka mingi. Rutuba yake imo zaidi katika miti yenyewe na majani yanayoanguka. Ukifyeka na kuchoma, majivu hukupa mavuno mazuri miaka michache, kisha ardhi huchoka. Muhogo na karanga huvumilia hapo. Lakini mtu asidanganywe na ukubwa wa miti akadhani kwamba chini kuna utajiri usiokwisha.

Jamii iliyojificha ndani ya miombo ni ya kichuguu. Tazama kichuguu kikubwa cha zamani: miti yake si ya miombo. Utaona mkwaju, na vichaka vyenye majani mabichi hata kiangazi. Sababu ni mchwa. Kwa miaka mingi wameleta juu udongo laini kutoka chini sana, wenye chumvi ambazo mchanga wa kando hauna. Wakulima wengi hupanda mahindi na maboga juu ya vichuguu, wakapata mavuno hata pale ambapo mchanga wa kando umechoka.

Tunazidi kushuka. Miti inapungua kimo. Sasa tunaona miti midogo yenye majani yang'aayo kama fedha upepo unapoyapindua. Mara nyingi hapa ni mahali ambapo maji yaliyopenya mchangani tangu kule juu yamezuiwa na tabaka gumu, yakaanza kujitokeza. Mzee yule aliniambia kwamba wao hutafuta kisima kwenye ukanda huu, wala si kileleni wala katikati ya bonde. Karibu yake huweza kuwa na mabaka matupu, udongo wa kijivu, mgumu kama sakafu, unaokataa jembe na kukataa maji. Wasukuma huuita ibambasi. Hapo usipoteze mbegu.

Mwisho tumefika bondeni. Hii ndiyo mbuga. Leo wengi wakisikia neno hili hufikiri juu ya wanyama na watalii, lakini kwa watu wa Unyamwezi na Usukuma mbuga ni bonde la udongo mweusi. Miti imekwisha. Nyasi zimesimama peke yake, na pengine vijimti vya miiba vyenye vivimbe vyeusi vilivyo wazi ndani. Gusa tawi, na sisimizi watatoka vivimbeni kukuuma. Hao ni walinzi wa mti, nao mti umewapa nyumba. Upepo ukipita kwenye matundu ya vivimbe hivyo, utasikia kama mtu anapiga mluzi. Tohe hulala nyasini, na mvua zikijaa, korongo, safari hii korongo ndege, hutembea majini wakitafuta vyura.

Kwa nini miti haikutaka kukaa hapa? Sasa mnaweza kujibu wenyewe. Masika mfinyanzi huu hujaa maji, mizizi hukosa hewa. Kiangazi hupasuka na kuikata mizizi ile ile. Nyasi huweza kufa juu na kuchipua tena, lakini miti mingi haiwezi. Nami nilijenga darasa hapo.

Lakini msiseme kwamba mbuga ni ardhi mbaya. Ni ardhi ya kazi nyingine. Wasukuma wamegeuza kingo za mbuga nyingi kuwa majaruba ya mpunga, na maji yaliyoua mahindi yangu ndiyo yanayokuza mpunga wao. Kosa langu lilikuwa kuilazimisha ardhi ifanye kazi isiyokuwa yake.

WALIOYAANDIKA HAYA

Elimu hii si ngano za wazee tu. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo wa mteremko kabla ya mtaalamu yeyote kufika: luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni wa chini ya mteremko, mbuga ni mfinyanzi mweusi wa bondeni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwenye mteremko kama pete za mnyororo, na kwamba mpango huo hurudiwa kilima kwa kilima. Akautolea jina la Kilatini, katena, yaani mnyororo.

Siku zile zile, B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o huko Shinyanga, alikuwa akitembea porini akiorodhesha mimea inayoishi pamoja. Alifanya hivyo kwa kuwa ukitaka kumjua mbung'o, sharti uijue miti anayokaa. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, pamoja na mkuu wake C. F. M. Swynnerton. Maandishi yake juu ya jamii za mimea ya Afrika Mashariki yalichapwa mwaka 1942.

HASARA YA KUTOJUA

Pengine mtu atasema, "Kosa lako lilikuwa la mabati machache." Kweli. Basi sikilizeni kosa kubwa zaidi.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Ilikusudiwa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ilianza Kongwa, kwa matingatinga. Sasa lisomeni pori la Kongwa kwa maswali yetu manne. Hapakuwa na miombo. Palikuwa na vichaka vizito vya miiba vilivyoshonana, na mibuyu iliyohifadhi maji katika mashina yake. Mti unaojiwekea akiba ya maji unakuambia nini? Unakuambia kwamba mvua ya hapa si ya kutegemewa. Na udongo ulikuwa na mfinyanzi. Mvua zilipokoma, ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zikakataa kutoka ardhini. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea pauni zipatazo milioni 36. Wenye mpango walikuwa na mashine na fedha na ramani. Habari za mvua na udongo zilikuwa zimesimama mbele yao, zimeota majani.

PORI LIKIBADILIKA

Neno moja la tahadhari. Pori halisimami lilivyo siku zote. Miombo iliyokatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, ikiachwa. Lakini moto wa mwisho wa kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba, ni mkali, huua machipukizi. Moto huo ukirudi kila mwaka, nyasi hushinda. Mahali panapokatwa kuni nyingi, kama za kukaushia tumbaku, huenda mtoto akakua akidhani kwamba nyasi na visiki ndivyo pori la kwao. Huyo hatajua kilichopotea, kwa maana hakukisoma.

Tena pori huweza kurudi. Shinyanga miti ilikuwa imefyekwa mno, kwa kufukuza mbung'o, na kwa pamba, na kwa kuni. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Nguvu yake kubwa ilikuwa desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yapatikane kiangazi. Ngitili zikaongezeka, na ndani yake miti ya asili ikachipua, nyingine bila kupandwa na mtu, na ndege na dawa za miti shamba zikarudi pamoja nayo. Jamii ilikuwa bado imo ardhini, ikingoja nafasi.

KAZI YA JUMA HILI

Chagueni mteremko mmoja karibu nanyi. Mwombeni mzee, mwanamume au mwanamke, awatangulie, nanyi mfuate nyuma yake. Shukeni kutoka juu hata chini. Kila mnapoona miti au nyasi zimebadilika, simameni, mjiulize yale maswali manne, na mmoja wenu aandike majibu. Andikeni majina ya kwenu, kwa lugha ya kwenu, kwa maana katika majina hayo mara nyingi imo habari ya matumizi.

Kisha zungumzeni darasani mambo haya. Je, mahali tulipojenga na tulipolima panapatana na jamii tuliyoikuta? Ni jamii gani wazee waliijua hapa ambayo sisi hatuioni tena? Tufanye nini ili irudi?

Mzee yule ameshafariki. Darasa tulilijenga upya juu mchangani, penye miombo, tukaiacha miti mitatu mbele ya mlango. Septemba inapofika, wanafunzi huona majani mekundu juu ya vichwa vyao, wakajua bila kalenda kwamba wakati wa kutengeneza mashamba umewadia. Na kule bondeni, nilikosimamisha ukuta wangu, watu sasa wanalima mpunga.

Mpaka juma lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.